Vazi na Kisa: Juu ya Hadithi katika Matangazo ya Mavazi na Video za Muziki

Wako wanafasihi wanaoona haya kukiita hadithi kisa kilichotungwa ili suruali iuzwe. Husema kwamba mtungaji aliyelipwa na mfanyabiashara hana uhuru, na pasipo uhuru hapana sanaa. Neno hilo lina sura ya ukweli, lakini likishikwa kwa nguvu litawatoa nje ya nyumba ya fasihi wageni wengi wanaoheshimiwa humo. Malenga walitunga sifa za wakubwa huku wakitumainia bakshishi, na watungaji wa taarabu wametunga nyimbo nyingi kwa kuagizwa na wenye arusi, ambao aghalabu walitaja mpaka mtu wa kurushiwa kijembe. Hapana aliyezitupa tungo hizo kwa sababu zilikuwa na bei. Ziliulizwa swali jingine, yaani kama zimetungwa vizuri au vibaya. Swali hilo hilo ndilo lipasalo kuulizwa juu ya filamu fupi zinazotangaza mavazi na manukato, na juu ya video za muziki zilizo ndugu zao wa damu. Kwa kuwa mara nyingi waongozaji ni wale wale, wapiga picha ni wale wale, na nguo zinatoka katika makabati yale yale.

Hadithi za namna hii zina ufinyu mkubwa wa wakati. Msimulizi wa jioni, akiisha kujibiwa pakawa, ana usiku mzima mbele yake. Anaweza kumweleza sultani, na mke wa sultani, na paka wa mke wa sultani, na hapana atakayemhimiza. Tangazo la televisheni lina nusu dakika au dakika moja. Video ya wimbo ina dakika 3 au 4, na katika muda huo wote haina ruhusa ya kuunyamazisha wimbo ili wahusika waseme. Basi kazi ya kumjulisha mtazamaji huyu ni nani, ametoka wapi, zama hizi ni zipi, na mfukoni ana kitu au hana, huachiwa nguo. Kola, kofia au soli ya kiatu hufanya kwa nukta moja kazi ambayo katika riwaya ingekula kurasa mbili.

Lakini kujulisha ni utumishi mdogo. Nguo hujulisha katika kila filamu, hata zile mbovu. Kipimo kinachofaa kutumiwa ni kigumu zaidi, nacho ni hiki: vazi likiondolewa katika kisa na kuwekwa jingine mahali pake, je, kisa kitasimama au kitaanguka? Kikisimama, vazi lilikuwa pambo tu, na tangazo ni picha nzuri ya mtu mzuri. Kikianguka, vazi lilikuwa mtendaji, mmoja wa wahusika, na hapo ndipo sanaa ya kusimulia inapoanza. Kwa msomaji wa Kiswahili kipimo hiki si kigeni. Amezaliwa akaikuta kanga, nguo yenye pindo, na mji, na jina. Na anajua visa vilivyotendeka mtaani kwa sababu ya jina lililovaliwa siku fulani na kupitishwa mbele ya mlango fulani. Kanga hiyo ikibadilishwa kwa nyingine, ugomvi wenyewe haupo.

Tarehe 26 Desemba 1985 televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha tangazo la suruali za Levi's 501 lililotengenezwa na wakala wa London aitwaye Bartle Bogle Hegarty na kuongozwa na Roger Lyons. Kisa chake chaweza kusimuliwa kwa pumzi moja. Kijana, aliyechezwa na Nick Kamen, anaingia katika duka la kufulia nguo kwa mashine, katika Marekani ya miaka ya 1950. Anavua miwani. Anamimina mawe ndani ya mashine. Kisha anavua fulana, anavua suruali, anazitia zote humo, na kubaki na bukta nyeupe. Halafu anakwenda kukaa baina ya watu wengine kwa utulivu, karibu na bwana mmoja mnene, na kusoma gazeti. Wanawake wanatazamana. Basi.

Kwa kukitazama juu juu, hiki si kisa, ni kituko tu. Walakini kina ustadi ambao matangazo mengi yaliyokifuata hayakuupata: suruali inauzwa kwa kuvuliwa. Mtazamaji aliyetarajia kuona nguo mwilini anaiona ikizunguka nyuma ya kioo cha mashine, na tamaa yake inahamishwa kutoka kwa mwili kwenda kwenye nguo, na kutoka kwa nguo kurudi kwenye mwili. Suruali ikiondolewa hapo hapana kinachobaki ila mtu aliyekosa adabu dukani. Tena yale mawe yana werevu wake. Kijana hafui nguo iwe mpya. Anaifua ichakae, ipate sura ya kitu kilichoishi. Tangazo linauza uzee wa nguo kwa mtu ambaye hajaivaa hata siku moja. Hata Marekani yenyewe katika picha hiyo ni uzee wa namna hiyo hiyo, nchi iliyofuliwa kwa mawe huko London ili iuzwe Ulaya. Wimbo uliosikika ulikuwa umetamba katika sauti ya Marvin Gaye tangu mwaka 1968, na baada ya tangazo hilo sahani yake ilirudi katika orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Uingereza mwaka 1986. Kamen naye akawa mwimbaji mwaka huo huo, kwa wimbo ambao Madonna alishiriki kuutunga. Njia baina ya tangazo na muziki ilikuwa fupi kiasi hicho.

Yafaa kukumbusha kwa njia ya pembeni kwamba uzee wa kweli wa suruali hizo haukuonyeshwa katika tangazo lolote. Suruali iliyochakaa kweli huko Ulaya na Marekani hufungwa marobota, huvuka bahari, na kutundikwa Gikomba na Karume, imekwisha kupoteza hadithi yake yote. Mnunuzi hutazama zipu na mshono, akaomba apunguziwe bei.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1995, kampuni hiyo hiyo ilimpa kazi Mfaransa Michel Gondry, ambaye wakati huo alijulikana zaidi kwa video alizomtengenezea mwimbaji Björk wa Iceland. Tangazo lake la duka la dawa ni la rangi nyeusi na nyeupe, na kwa ustadi wa kisa halijapata mpinzani wa karibu. Kijana wa zama za kale anaingia katika duka la dawa na kununua kijibati cha kondomu. Kwa sehemu kubwa kamera imewekwa mahali pa macho yake, hata mtazamaji anajiona mwenyewe amesimama mbele ya kaunta, na wateja wanamtazama yeye, na muuzaji mwenye uso mkali anamtazama yeye. Kijana anakitia kijibati katika kile kifuko kidogo kilichoshonwa ndani ya mfuko wa mbele wa suruali, kilichokusudiwa kutilia saa. Usiku anakwenda kumchukua msichana wake. Anabisha hodi. Mlango unafunguliwa, na aliyesimama mlangoni, baba wa msichana, ni yule yule muuzaji wa dawa.

Hapo kisa kimekwisha, na yote yaliyobaki yamo kichwani mwa watatu: baba anajua, kijana anajua kwamba baba anajua, na msichana hajui kitu. Kisha maandishi ya kampuni yanaeleza kwa maneno machache na kwa mzaha kwamba kifuko hicho kilibuniwa mwaka 1873, na kwamba tangu hapo watu wamekitumia visivyo. Itazamwe namna mzigo wote wa kisa ulivyotundikwa juu ya kipande cha kitambaa kisichofika upana wa kiganja. Mfuko wa kawaida usingefaa, kwa kuwa mfuko wa kawaida hauna siri. Kila mtu hutia mkono humo. Kifuko cha saa ni cha siri, kinapokea vidole viwili tu. Mtazamaji aliyekuwa nacho suruali yake miaka yote bila kukifikiri sasa anakijua kwa kazi yake ya kisa. Tangazo halikumwambia kwamba suruali ni imara, wala nzuri, wala ya bei nafuu. Limempa kisa, na kisa kimeshonwa ndani ya nguo. Tena ni kisa chenye maadili ya kutatanisha: mzee aliyeiuza bidhaa kwa kijana wa watu hawezi kumkemea kijana huyo kwa kuinunua, na hasira yake ni ya mfanyabiashara aliyepata faida kwa hasara ya nyumba yake. Tangazo lililolipwa na wafanyabiashara limewacheka wafanyabiashara. Wanaosema kwamba mtungaji wa kulipwa hana uhuru wangepaswa kulieleza jambo hili.

Katika muziki, mfano wa kwanza wenye uzito ni Thriller, filamu ya kama dakika 14 iliyoongozwa na John Landis na kuonyeshwa Desemba 1983. Imesemwa mengi juu yake, na mwaka 2009 iliwekwa katika hifadhi ya filamu za taifa ya Marekani, video ya kwanza ya muziki kupata heshima hiyo. La kutazamwa hapa ni koti tu. Deborah Nadoolman, mke wa mwongozaji na mbunifu wa mavazi, alimvika Michael Jackson koti jekundu lenye mabega yaliyochongwa, ili aonekane katika usiku wa picha uliojaa rangi za vumbi na majivu. Hiyo ni sababu ya mpiga picha. Msimulizi anaona sababu nyingine. Kisa hiki kina filamu ndani ya filamu, na ndoto mwishoni. Shujaa anakuwa mnyama, anakuwa kijana, anakuwa maiti aliyefufuka, anarudi kuwa kijana, na haya yote hutokea upesi mno. Uso wake hauaminiki tena. Mtazamaji anamfuata kwa koti. Katika sehemu ya mwanzo, iliyo filamu ya miaka ya 1950, kijana amevaa koti la mwanafunzi, na koti hilo linatosha kusema kwamba hapa ni ndani ya sinema. Wekundu ukitokea, tumetoka nje ya sinema, au tumeambiwa hivyo. Wakati wafu wanapocheza barabarani na uso wa mwimbaji umeoza, kitu kimoja kinachosema kwamba ni yeye ni lile koti. Likiondolewa, msichana angekuwa anakimbizwa na kundi. Likiwapo, anakimbizwa na mpenzi wake, na hofu ya kisa ni hiyo.

Miongoni mwa video zote zinazogusa mavazi, hata hivyo, iliyofika mbali zaidi ni Freedom! '90 ya George Michael, iliyoongozwa na David Fincher mwaka 1990. Ili kuifahamu hapana budi kukumbuka video ya mwaka 1987, Faith, ambamo mwimbaji huyo alionekana amevaa koti la ngozi, suruali ya jinzi na miwani myeusi, ana gitaa mkononi, na pembeni ipo mashine ya kupigia santuri. Koti hilo lilimfanya mtu wa dunia nzima. Vijana walilivaa Tokyo na Dar es Salaam. Miaka mitatu baadaye yeye mwenyewe alikuwa amechoka nalo, na akakataa kabisa kuonekana katika video ya wimbo wake mpya. Hili lingekuwa janga kwa mwongozaji asiye na akili, maana video ya mwimbaji bila mwimbaji ni sawa na arusi bila bibi arusi.

Fincher alijaza pengo hilo kwa njia mbili. Maneno ya wimbo aliwapa wanamitindo waliokuwa mashuhuri kupita wote wakati huo, Naomi Campbell, Linda Evangelista, Christy Turlington, Cindy Crawford na Tatjana Patitz, ambao walikuwa wamepigwa picha pamoja na Peter Lindbergh kwa jalada la gazeti la Vogue la Uingereza la Januari mwaka huo. Midomo ni yao, sauti ni ya mwanamume asiyeonekana. Na koti la ngozi likatundikwa kabatini, likawashwa moto. Gitaa likalipuliwa. Mashine ya santuri ikalipuliwa. Mwimbaji aliyekataa kuja aliwakilishwa na nguo yake, na nguo ikateketezwa mbele ya watu mithili ya mhalifu.

Jambo moja katika video hii halikutajwa sana, nalo ndilo lililo bora. Wanawake hawa kazi yao ni kuvaa nguo za thamani. Hapa hawakupewa nguo za thamani. Turlington anapita ukumbini amejifunika shuka. Crawford yumo katika hodhi la kuogea, amezungushia taulo kichwani. Evangelista ana sweta kubwa analolivuta mpaka usoni kama mtoto anayejificha. Nyumba yenyewe ni kubwa, ina giza, na karibu haina samani. Nguo moja tu katika picha nzima ina jina na historia, nayo inaungua. Mtungaji mwingine angewapamba wanawake hao kwa hariri, na video ingekuwa nzuri na pumbavu. Kwa kuwavua mapambo, Fincher amewafanya kuwa watu wanaoimba wimbo wa mtu aliyejivua. Mwili umetulia, nguo ndiyo inayokufa. Ajabu ni kwamba mwaka huo huo mwongozaji huyo huyo alikuwa ametengeneza Vogue ya Madonna, ambamo mavazi yanasimama tu mbele ya taa na kungoja kusifiwa, na mkao wake mmoja umechukuliwa moja kwa moja kutoka kwa picha ya mwanamke na sidiria ya kamba aliyoipiga Horst mwaka 1939. Picha za Vogue ni safi kuliko za Freedom! '90. Kisa hazina.

Lakini soko halishindwi upesi. Machi 1991, huko Milan, Gianni Versace aliwatoa Campbell, Crawford, Evangelista na Turlington jukwaani wameshikana mikono, wamevaa nguo zake, wakiufuatisha wimbo ule ule kwa midomo yao. Watazamaji walishangilia, na siku hiyo hutajwa mpaka leo katika historia ya mitindo. Wimbo wa kulichoma vazi ulikuwa umegeuzwa wimbo wa kuuzia mavazi, na miezi michache tu imepita. Haiwezekani kusema kwamba Versace alikosea kusikia. Alisikia vizuri sana. Alijua kwamba mtu anayechoma koti lake hadharani anaonyesha, bila kukusudia, jinsi koti lilivyo na nguvu. Hapa ndipo penye shida ya kweli ya sanaa hii, nayo ni nzito kuliko ile ya kulipwa. Hadithi ya kulikataa vazi inauzika kama hadithi ya kulisifu, pengine zaidi.

Spike Jonze ameiingia shida hiyo mara mbili, mara moja kwa wimbo na mara moja kwa manukato. Mwaka 2001, katika Weapon of Choice ya Fatboy Slim, alimweka Christopher Walken katika ukumbi wa hoteli ya Los Angeles usio na mtu. Mzee amekaa kitini, amevaa suti na tai, amechoka kama msafiri wa biashara aliyekosa ndege. Muziki unatoka katika redio iliyo juu ya kigari cha usafi. Anatikisa kichwa, anainuka, anacheza, anapanda juu ya meza, mwisho anaruka angani kupita juu ya ukumbi. Kisha anarudi kitini na kukaa vile vile. Walken alifunzwa dansi ya jukwaani tangu utotoni, na hilo linaonekana miguuni; lakini kinachofanya kisa kiwe kisa ni suti. Kama angevaa nguo za mchezaji, mtazamaji angeona mchezaji akicheza. Suti haifunguliwi hata kifungo kimoja. Yote yaliyotokea yametokea ndani yake, na mwishoni imemmeza tena.

Mwaka 2016 Jonze alirudia mpango huo huo kwa kampuni ya Kenzo. Margaret Qualley, amevaa gauni refu la kijani, amekaa katika karamu ya watu wa heshima na kusikiliza hotuba. Anatoka nje. Machozi yanamtoka, kisha uso unaanza kumpinda, kisha mwili wote unatekwa na dansi isiyo na adabu, iliyopangwa na Ryan Heffington: anakunja uso, anapiga mateke, anarusha miale kwa vidole, na mwisho anaruka kupita katikati ya jicho kubwa la maua. Jicho hilo ni umbo la chupa ya manukato yenyewe. Wako wanaosema kwamba mwongozaji amejiiba mwenyewe. Kweli amejiiba, lakini mali imeongezeka njiani. Suti ya Walken ilimlinda. Gauni la Qualley linamshurutisha, kwa kuwa gauni la karamu humwamuru mwanamke namna ya kutembea, na kukaa, na hata kucheka. Kila teke analopiga ni uasi dhidi ya mshono. Gauni likibadilishwa kwa suruali na fulana, uasi haupo, na anabaki binti mwenye nguvu nyingi. Na manukato, kitu kisichoonekana wala kusikika katika picha, yamepata mlango wa kuingilia katika kisa bila mtu kuyanyunyiza shingoni akatabasamu, jambo ambalo matangazo ya manukato hayajachoka kulifanya.

Kinyume chake kilionekana mwaka 2004, wakati Chanel walipompa Baz Luhrmann fedha ambazo zilitajwa kuwa nyingi kuliko za tangazo lolote lililotangulia. Nicole Kidman ni mwanamke mashuhuri kuliko wote duniani. Anawakimbia wapiga picha katikati ya jiji, amevaa gauni la waridi lenye manyoya na mkia mrefu, anajitupa katika teksi ya kijana asiyemjua, anaishi naye siku chache katika chumba cha juu ya paa, kisha anarudi kwenye umashuhuri wake. Muziki ni wa Debussy. Kila kitu kinang'aa. Lakini gauni lile likibadilishwa, mwanamke angekimbia vile vile, na pengine kwa urahisi zaidi. Na manukato yakiondolewa, mapenzi yangekuwa yale yale. Kwa hiyo sauti ya kijana imelazimika kueleza kwa maneno yale ambayo picha haikuyatenda, na hadithi inayohitaji kuelezwa hivyo imekwisha kukiri udhaifu wake. Ipo picha moja tu inayostahili gharama hizo. Mwishoni Kidman anapanda ngazi amevaa nguo nyeusi iliyo wazi mgongoni, na juu ya mgongo huo inaning'inia almasi yenye jina la manukato. Haangalii nyuma. Anayesoma ni yule aliyeachwa.

Wala si kila mtazamaji husoma sawa. Katika Hold Up ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Jonas Åkerlund, Beyoncé anatokea milangoni amevaa gauni la manjano la Roberto Cavalli, maji yakimwagika ngazini pamoja naye, kisha anatembea barabarani akivunja vioo vya magari kwa gongo huku anacheka. Mtazamaji asiyejua anaona mke mwenye wivu aliyevaa vizuri. Anayejua mambo ya Wayoruba anamwona Oshun, mwenye maji matamu, ambaye rangi yake ni manjano, na ambaye kicheko chake si dalili ya furaha. Gauni moja, visa viwili. Kazi nzima ambayo video hii ni sehemu yake, Lemonade, imeunganishwa kwa mashairi ya Warsan Shire, binti wa Kisomali aliyezaliwa Kenya na kukulia London. Na labda si bahati kwamba mshairi wa asili ya pwani hii amehusika na kazi ambayo nguo inasema kwa wengine na kunyamaza kwa wengine. Kanga hufanya hivyo kila siku. Jina lake husomwa na wote, na kuelewa ni kwa yule aliyekusudiwa.

Jambo hili linawahusu waongozaji wa Dar es Salaam na Nairobi kuliko wanavyodhani. Ufundi wa picha zao umepanda sana tangu miaka ya 2000; taa ni nzuri, rangi ni nzuri, na hapana tena haja ya kuomba radhi mbele ya wageni. Lakini video nyingi zao zikipimwa kwa kipimo kilichotumiwa hapa, nguo zake zinaweza kuvuliwa zote na kuvalishwa video ya jirani, pamoja na gari na miwani, na mtu asitambue. Nguo hizo zimekuja kushuhudia kwamba mwimbaji ana fedha. Ushahidi ukiisha kutolewa, hazina kazi nyingine hata wimbo uishe. Kitenge na kanga vikitokea, hutokea kama bendera, kwa kutaja asili, na huondoka kabla ya kutenda lolote. Ni hasara ya ajabu kwa watu wenye nguo ya pekee iliyochapwa maneno kwa makusudi ya kumfikia mtu fulani.

Huenda sababu moja ni mahali inapowekwa kamera. Katika video ya wimbo kamera husimama mbele ya mwimbaji, kwa kuwa uso wake ndio unaouzwa, na midomo yake sharti ionekane. Jina la kanga haliko mbele. Likifungwa kama desturi, huja nyuma, chini ya kiuno, karibu na pindo, na mikunjo hulificha nusu. Aliyekusudiwa hulisoma mwenye nguo akiisha kumpita, wakati ambapo hawezi tena kumjibu usoni. Mwongozaji atakayetaka kukisimulia kisa hicho itambidi amwache mwimbaji aende zake, kamera ibaki nyuma mlangoni pamoja na yule jirani, na imngojee amalize kusoma.